Mtoto wa kiume bila baba nyumbani: nimpeleke kwa mjomba wake akamnyooshe?

Swali: "Naishi Tandahimba, nina watoto watatu. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Baba yao alikwenda Dar kutafuta maisha mtoto akiwa na miaka 6, akaoa huko huko. Siku hizi hupiga simu sikukuu tu. Mwanangu alikuwa mtulivu, lakini tangu msimu wa korosho uliopita akitoka shule anashinda kijiwe cha bodaboda. Kuna kijana pale wa miaka kama 26, ananunua korosho za kangomba, yaani kwa magendo nje ya mfumo rasmi, ana pikipiki mbili. Basi kila neno ni huyo. Juzi nimemkuta na simu ya kupangusa, anasema kapewa. Kaka yangu ni fundi seremala Masasi, ananiambia nimpelekee amnyooshe kwa fimbo. Baba yangu tunaishi naye hapa, ni mzee ila mikorosho yake bado anaihudumia mwenyewe. Watu wananiambia mtoto wa kiume akilelewa na mwanamke peke yake lazima aharibike. Ni kweli? Nimpeleke kwa baba yake, kwa mjomba wake, au nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kama mwanao ameshaharibika kwa kuwa umemlea peke yako. La pili, nani wa kumkabidhi. La kwanza nalijibu haraka: hapana. La pili linataka maneno mengi zaidi, na sehemu ya jibu ni kwamba pengine huna haja ya kumkabidhi kwa mtu yeyote.

Nianze na hayo ya watu. Ukiwachukua kwa wingi wao, watoto wanaokua bila baba hukutana na magumu zaidi ya wenzao, hilo siwezi kulificha. Lakini ukiyachambua magumu hayo, mengi yanatoka kwingine: kipato kimepungua, watoto wameona ugomvi wa wazazi kabla hawajaachana, wamehamishwa shule mara mbili tatu, mama amechoka na hana wa kumpokea mzigo. Ukosefu wa mwanaume nyumbani ni jambo moja kati ya hayo, na ndilo lenye dawa nyingi kuliko mengine.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mzazi wa aina yako angepaswa kuufahamu. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu utotoni hadi walipofika umri wa miaka 40. Kisiwa cha mashamba ya miwa, familia nyingi maskini. Kundi moja la watoto hao lilikuwa na kila sababu ya kushindwa: ufukara, wazazi walevi au wagonjwa wa akili, nyumba zilizovunjika. Wengi wao kweli walipata shida. Ila karibu theluthi moja ya kundi hilo walikua watu wazima wenye kazi zao, familia zao na akili timamu. Watafiti walipouliza hawa waliponea wapi, jambo moja lilijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyetulia na asiyemkatia tamaa. Mara nyingi alikuwa bibi, shangazi, dada mkubwa, mwalimu. Kwa wavulana kulikuwa na nyongeza. Walitoka katika nyumba zenye utaratibu na masharti, waliruhusiwa kuonyesha hisia zao, na palikuwa na mwanaume wa kumtazama, awe baba, babu au mjomba.

Soma tena hapo mwisho. Babu au mjomba. Kilichowasaidia watoto wale ni mwanaume aliyekuwepo kweli.

Na kwetu kusini, nani anapaswa kushangaa? Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mpwa: kesi yake, shamba lake, hata posa yake. Mvulana akiingia jandoni alikuwa na mlezi wake kambini, mtu wa kumuuliza mambo ambayo mama hayasemi na baba anayaonea haya. Baba alikuwepo, ila hakuachiwa kazi peke yake. Hao wanaokuambia kwamba bila baba hakuna mwanaume wamesahau mila za bibi zao wenyewe. Siku hizi nguvu ya mjomba imepungua, ardhi na mali zinafuata zaidi upande wa baba, na jando kwa familia nyingi limebaki shughuli ya siku chache za likizo kwa watoto wadogo mno. Mvulana wa miaka 15, wakati ambao maswali ndiyo yanaanza, anakuta zile taratibu zimeshampita. Hapo ndipo kijiwe kinapompokea.

Sasa tuje kwa huyo kijana wa kangomba, kwa sababu nadhani ndiye anayekunyima usingizi. Kabla hujamchukia, jiulize anampa nini mwanao. Anamwita kwa jina mbele ya watu. Anamwachia ufunguo wa pikipiki amshikie. Anamweleza bei, anamweleza nani kamdhulumu na yeye alijibu nini. Kwa kijana wa umri huo hayo ni makubwa. Ubongo wa mtu katika miaka hii uko macho sana kwa sifa, kwa kutambuliwa na wakubwa wake, na kwa hela ya leo leo. Ile sehemu inayopima matokeo ya mbali huchelewa kukomaa, hata miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo ukimweleza kwamba ununuzi wa kangomba ni kinyume cha sheria na unawapunja wakulima kama babu yake, anakusikia vizuri tu. Lakini pikipiki mbili anaziona kwa macho yake, na shule yako ni ahadi.

Watoto hujifunza kwa kutazama kuliko kwa kusikiliza. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu kubwa la plastiki. Watoto walipoachwa nalo, wengi waliiga yale yale, na wavulana waliiga vipigo zaidi pale waliyemtazama alipokuwa mwanaume. Naleta habari hii kwa sababu ya kaka yako. Nia yake ni njema, sina shaka. Lakini mjomba akimnyoosha kijana kwa fimbo, kijana anaondoka na somo moja: mwanaume akishindwa kueleza, anapiga. Atalitumia somo hilo kwa wadogo zake, na baadaye kwa mke. Mtoto anayechapwa sana hujifunza pia kuficha, na wewe sasa hivi unahitaji asikufiche. Kumbuka hiyo simu.

Kwa hiyo nikipanga wanaume ulionao, ninaanza na yule uliyemtaja mwishoni, kama vile hahesabiki.

Baba yako. Ni mzee, yuko hapo hapo nyumbani, na ana kazi isiyoweza kusubiri. Mwezi Mei na Juni mikorosho inataka dawa ya salfa, kuna palizi, kisha kuanzia Oktoba kuna kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika na kupeleka ghalani. Wavulana wengi hawazungumzi ukiwakalisha kwenye kiti ukawaambia "haya, tuongee". Huzungumza mikono ikiwa na shughuli na macho yakitazama kwingine. Saa tatu nzima shambani Jumamosi asubuhi, mzee akionyesha tawi la kukatwa na kijana akikata, zina maneno mengi kuliko kikao cha ukoo. Na atajifunza mambo ambayo hakuna atakayejua kwamba anafundishwa: mzee anafanyaje bei ya mnada ikishuka, anasema nini malipo ya chama cha msingi cha ushirika yakichelewa, anamjibuje mama mkwe, anaomba radhi vipi akikosea. Bodaboda wa kijiweni anamwonyesha jinsi ya kupata. Babu anaweza kumwonyesha jinsi ya kupungukiwa bila kuvunjika, na hilo ni adimu.

Ila kuna sharti, na ni wewe wa kuliweka: isiwe kazi ya bure. Kijana aliyekwisha onja hela ya kijiweni hatavutwa na "msaidie babu yako, ni baraka". Mwombe baba yako amgawie mikorosho michache iwe ya kijana mwenyewe, aihudumie, na mauzo yake yapite kwenye chama cha msingi kwa jina la babu, kisha hesabu ifanyike mbele yake. Atauona mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kuweka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, unavyokwenda, mazuri yake na kero zake, badala ya kuusikia kwa mtu anayeishi kwa kuukwepa.

Mzee ana mipaka yake. Hajui mambo ya simu, hajui kidato cha pili, na pengine ataona aibu kuzungumza habari za wasichana. Usimtake awe kila kitu. Huwa nawaambia kina mama waache kumtafuta mwanaume mmoja aliyekamilika. Hata nyavu haishikwi na mtu mmoja. Mmoja wa kazi, mmoja wa shule, mmoja wa kuulizwa mambo ya aibu. Kocha wa timu ya mtaa, ustadhi au katekista anayeaminika, mwalimu wa ushauri na unasihi pale shuleni, fundi wa jirani. Mwaka 2018 wachumi wa Marekani, Raj Chetty akiwa mmoja wao, walichapisha uchambuzi kuhusu wavulana weusi nchini humo: waliokulia katika mitaa yenye kina baba weusi wengi majumbani walifanikiwa zaidi ukubwani, hata wale ambao baba zao wenyewe hawakuwepo. Hali yao si hali yetu, lakini inaonyesha kwamba wanaume wa mtaa mzima wanatazamwa.

Sasa kaka yako. Usimkatae, ana kitu cha thamani sana: ufundi. Kijana aliyetengeneza stuli kwa mikono yake mwenyewe na akaona mteja anailipia amepata jambo ambalo hotuba haiwezi kulitoa. Lakini kumhamishia Masasi sasa hivi, mwaka wa upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, naona ni hasara. Atapoteza walimu wanaomjua na wewe utapoteza macho yako. Likizo ya Juni wiki mbili, na ile ndefu ya baada ya upimaji, zinatosha kuanzia. Kabla hajapanda gari, kaa na kaka yako mkubaliane kwa maneno ya wazi: hapigwi, anakula na familia, ana siku ya kupumzika, na akikosea, unapigiwa simu wewe. Mwambie pia, kwa heshima ya kaka, kwamba anachokitafuta ni utii na kwamba utii huo ataupata haraka zaidi akimwachia mpwa wake randa na kumsahihisha taratibu. Akikataa masharti hayo, mtoto asiende. Umjomba ni nafasi, na nafasi haimfanyi mtu afae. Nimeona wajomba waliowainua wapwa zao hadi wakasimama, na nimeona wengine waliowageuza vibarua wa bure.

Kuhusu baba yake nitasema machache. Kumpeleka Dar kwa mtu anayepiga simu sikukuu tu, kwenye nyumba ya mama mwingine asiyemjua, ni kumpa adhabu kwa kosa ambalo si lake. Ila usifunge mlango. Mtoto wa umri huu anajiuliza kimoyomoyo kwa nini hakutosha, na mara nyingi hatakuuliza. Mweleze ukweli bila kumtukana baba yake, maana akimsikia baba anaitwa mtu wa hovyo, nusu ya maneno hayo anajibandika mwenyewe. Mwombe baba awe na siku maalumu ya kupiga simu, hata mara mbili kwa mwezi, lakini asikose. Baba anayeahidi na kukosa huumiza kuliko anayekaa kimya. Matunzo nayo ni haki ya mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu anaweza kuwaita mkae, na ikishindikana akakuelekeza mahakamani. Huombi hisani.

Kuna jambo jingine la kwako mwenyewe, ambalo hukuliuliza. Je, umewahi kumwambia mwanao "wewe ndiye baba wa nyumba hii sasa"? Kina mama wengi husema hivyo kwa upendo. Mtoto wa kwanza, wa kiume, akiyasikia maneno hayo na akaona chumvi imekwisha ndani, anakwenda kutafuta hela popote ilipo. Inawezekana kabisa kwamba kijiweni hakwenda kwa ukaidi. Mpunguzie cheo hicho. Mwambie yeye ni mwanao, na mambo ya chumvi ni yako na ya babu.

Hiyo simu sasa. Hapa sitaki usubiri. Mtu mzima anayempa mvulana wa miaka 15 simu anataka kitu: labda kumtumia kupitisha korosho au ujumbe, labda jambo baya zaidi. Tunapenda kudhani hatari za kingono ni za wasichana tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta karibu mvulana 1 kati ya 7 alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Muulize mwanao kwa utulivu, mkiwa wawili, bila kumnyang'anya simu kwanza: nani alikupa, alisema ni ya nini, kuna chochote alichokuomba usiseme? Kisha wewe na baba yako mwendeeni huyo kijana mchana, mbele za watu, mumsalimie vizuri, mumshukuru kwa kumpenda mtoto wenu, na mumwambie zawadi zozote zipitie kwenu. Mwenye nia safi atakubali. Asiyekuwa nayo atajiona ametambuliwa, na mara nyingi hujitenga mwenyewe. Akikutishieni, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au polisi.

Kipimo hicho kitumie kwa kila mwanaume utakayemkaribisha, awe fundi, kocha au mtu wa dini. Wawe mahali panapoonekana. Pasiwe na siri kati yake na mtoto. Asilale naye chumba kimoja, asimsafirishe bila wewe kujua. Mtu mwema hachukii kuulizwa.

Tafuta msaada wa ana kwa ana, na usingoje msimu uishe, ukiona haya: amekuwa mtu wa kujifungia, halali au halili, amegeuka ghafla baada ya kuwa karibu na mtu fulani, ananuka bangi au gongo, anapotea usiku kucha, ana hela au vitu asivyoweza kuvieleza, ana alama mwilini, au anasema maneno ya kutaka kufa. Hilo la mwisho ni la siku hiyo hiyo. Zahanati au kituo cha afya watakupa rufaa, na hospitali za rufaa za mikoa yetu ni Ligula hapo Mtwara na Sokoine kule Lindi. Kwa ukatili, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Namba 116 ni ya bure, ni kwa ajili ya masuala ya watoto, na mwanao mwenyewe anaweza kuipiga bila kukuambia. Mpe.

Nikuambie pia usitarajie nini. Programu za kuwaunganisha vijana na watu wazima wa kuwaongoza zimepimwa sana, hasa Marekani, na faida yake kwa wastani ni ndogo, ingawa ipo. Jean Grossman na Jean Rhodes mwaka 2002 waligundua kwamba vijana waliokaa na mlezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika, na wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walitoka na hali ya kujiamini iliyoshuka kuliko walivyoingia. Ndiyo maana mimi si mshabiki wa makongamano ya siku moja ambako msemaji wa kuhamasisha anatoka mbali, anapiga makofi na vijana, anapanda gari anaondoka. Usimwambie mtu "njoo unisaidie na huyu mtoto" kama unajua ataweza mwezi mmoja tu. Bora mzee anayetembea polepole na yuko kila Jumamosi.

Miezi ya kwanza kijana ataendelea kwenda kijiweni. Mwache aende, kwa saa mlizokubaliana, arudi kabla ya giza. Ukimkataza kabisa kabla hajapata pengine pa kuheshimiwa, atakwenda kwa siri. Oktoba na Novemba ndiyo itakuwa ngumu: hela ya korosho inazunguka mitaani wakati yeye anatakiwa kujisomea upimaji. Panga mapema na babu yake kwamba wiki hizo mikorosho ya kijana itaokotwa na wadogo zake au kibarua, gharama ikatwe kwenye mauzo yake, na yeye abaki na daftari. Mwulize mwalimu wa darasa kama kuna kundi la kujisomea jioni linalosimamiwa, maana nyumbani peke yake hatasoma. Matokeo ya Januari yakiwa mabaya, usimfukuzie Masasi kwa hasira, atarudia mwaka. Na akionekana mkono wake uko kwenye ufundi kuliko vitabu, VETA ipo Mtwara na ipo Lindi. Fundi wa Masasi atakuwa ameshamwona akishika msumeno, kwa hiyo muulize yeye anafaa kusomea nini.